El Niño ya 2015 haikuleta gharika, na mafuriko ya 2019 yalikuja bila El Niño: bahari ipi huamua vuli yetu?

Swali la msomaji:

Shikamoo mtaalamu. Ninalima mahindi na maharage Korogwe, mkoani Tanga, ambako tunategemea masika na vuli. Mwaka 2015 redio zilisema El Niño kubwa inakuja. Nikaliacha shamba langu la bondeni, nikalima la mlimani peke yake, na vuli ikaja ya kawaida tu. Mwaka 2019 sikusikia mtu akiitaja El Niño, nikapanda bondeni, na Oktoba maji yakachukua kila kitu. Bibi yangu naye husema kwamba mvua kubwa kuliko zote alizowahi kuziona ni ya mwaka wa Uhuru, 1961. Je, El Niño ndiyo inayotuletea mvua, au siyo? Na inawezekanaje bahari iliyo upande wa pili wa dunia iamue mavuno ya Korogwe?

Jibu:

Marahaba. Nianze na jibu fupi. Vuli ya Korogwe huamuliwa kwanza na Bahari ya Hindi, hasa na tofauti ya joto la maji kati ya upande wetu wa magharibi na upande wa mashariki ulio karibu na kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. El Niño ni kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, na kwa sehemu kubwa hutufikia kwa kupitia tofauti hiyo. Ikiweza kuisukuma Bahari ya Hindi, kama ilivyokuwa 1997, tunapata gharika. Isipoweza, kama 2015, vuli huwa ya wastani au huzidi kidogo. Zaidi ya hayo, Bahari ya Hindi inaweza kugeuka yenyewe bila kusukumwa na Pasifiki, na ndivyo ilivyofanya 2019. Ndivyo ilivyofanya pia 1961, kwa hiyo bibi yako amekutajia mfano ambao wataalamu waliuhangaikia kwa miaka karibu arobaini, nami nitaurudia baadaye.

Jibu refu linahitaji tuanze na maji yenyewe. Ili kilo moja ya maji ipande joto kwa nyuzi moja, inahitaji nishati mara nne ya ile inayohitajiwa na kilo moja ya hewa, na kwa kuwa maji ni mazito mno kuliko hewa, mita tatu hivi za juu za bahari zinaweza kuhifadhi joto sawa na linaloweza kuhifadhiwa na hewa yote iliyo juu yake, kuanzia usawa wa bahari hadi angahewa inapokwisha. Hewa iliyopata joto leo inaweza kulipoteza kabla ya wiki kwisha, lakini bahari iliyopata joto Juni bado inalo Oktoba. Hii ndiyo sababu kubwa inayomwezesha mtu kusema lolote la maana mwezi Agosti kuhusu mvua ya Novemba. Mawingu ya Novemba hayawezi kuonekana Agosti, ila maji yatakayoyalisha tayari yapo na yanaweza kupimwa.

Joto hilo huingia hewani hasa kwa njia ya mvuke. Kila kilo ya maji inayogeuka mvuke huondoka baharini na nishati ya karibu jouli milioni 2.5, nishati ambayo haihisiwi na mkono wala kuonekana katika kipimajoto mpaka mvuke upande juu, upoe na kugeuka matone ya wingu. Hapo joto lililobebwa huachiliwa, hewa iliyo ndani ya wingu hupata nguvu mpya ya kupanda, mgandamizo wa hewa hupungua chini yake, na upepo wa pembeni hukimbilia mahali hapo ukiwa umebeba mvuke mwingine. Wingu kubwa la mvua, kwa hiyo, ni kama jiko linalojivutia kuni lenyewe. Katika bahari za ukanda wa joto jiko hilo huwaka vizuri pale ambapo joto la maji limepita takriban nyuzi 27 au 28 za Selsiasi. Chini ya hapo mvuke upo, lakini hewa mara nyingi haipandi juu vya kutosha. Ni kizingiti chembamba sana, na ndiyo maana nyuzi moja ya joto la bahari, ambayo mwogeleaji asingeitambua, inaweza kuhamisha mvua kutoka nchi moja hadi nyingine.

Upepo nao hauko tayari kuchukua tu bila kuibadilisha bahari. Huyasukuma maji ya juu, huyapoza kwa kuongeza uvukizi, na pale unapoyaondoa maji ya juu karibu na pwani huyafanya maji baridi ya vilindini yapande kuziba nafasi. Mfano mzuri uko Salalah, kusini mwa Oman, nchi yenye wasemaji wengi wa Kiswahili. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu sambamba na pwani ya Somalia na Oman, maji baridi hupanda, na hewa yenye unyevu inayopita juu ya maji hayo hupoa mpaka hugeuka ukungu na manyunyu yanayoivisha kijani milima ya Dhofar, huku sehemu nyingine za Bara Arabu zikichomwa na jua. Ukungu huo, wanaouita kharifu, hutokana na upepo uliobadilisha bahari, kisha bahari iliyobadilishwa ikaibadilisha hewa. Kadiri tunavyoendelea utaona kwamba mambo yote ya Bahari ya Hindi huenda kwa mtindo huo wa kupeana na kupokezana.

Sasa tuje kwetu. Ukifuata ikweta kwenye ramani utapita Amazoni, bonde la Kongo na Indonesia, na kote huko utakuta misitu na mvua karibu mwaka mzima. Ukifika mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, palepale kwenye ikweta, unakuta Garissa, Wajir na Kismayu, nchi kavu ya wafugaji wa ngamia. Jambo hili huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Sehemu ya maelezo wanaijua manahodha tangu zamani: kusi na kaskazi, pepo mbili zilizopeleka na kurudisha majahazi kati ya pwani yetu, Arabuni na Bara Hindi, kwa sehemu kubwa huvuma kandokando ya pwani badala ya kuingia bara moja kwa moja. Kusi hasa hupita kama mto wa hewa ulio chini, huvuka ikweta karibu na pwani ya Kenya, kisha hupinda kuelekea India, ambako huenda kumwaga sehemu kubwa ya mvuke wake. Sisi hupata mvua yetu kubwa katika vipindi vya katikati, pale ukanda wa mvua unapopita juu yetu ukifuata jua, wakati ambao mabaharia waliuita tanga mbili au maleleji kwa sababu pepo zinakuwa dhaifu na hazina mwelekeo mmoja. Masika na vuli ni mvua za maleleji.

Sehemu ya pili ya maelezo iko mbali zaidi, na hapa ndipo swali lako linapoanza kujibiwa. Katika mwaka wa kawaida, maji yenye joto kubwa zaidi katika Bahari ya Hindi mwezi Oktoba hukusanyika upande wa Indonesia. Hewa hupanda huko kwa wingi, husafiri juu angani kuelekea magharibi, na sehemu yake hushuka upande wetu wa Afrika Mashariki. Hewa inayoshuka haileti mawingu, huyakandamiza. Chini, juu ya uso wa bahari, upepo hukamilisha mzunguko kwa kuvuma kutoka magharibi kwenda mashariki kandokando ya ikweta, yaani unatoka kwetu ukielekea Indonesia na mvuke ambao tungeutaka sisi. Mzunguko wa aina hii huitwa kwa jina la Gilbert Walker, Mwingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904 hadi 1924, ambaye alikuwa akitafuta namna ya kutabiri mvua za India ndipo akagundua kwamba mgandamizo wa hewa katika Pasifiki na Bahari ya Hindi hupanda na kushuka kama mzani.

Upepo huo wa magharibi unafanya kazi nyingine. Huyasukuma maji ya juu kuelekea mashariki, na mara mbili kwa mwaka, Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba, huzalisha mkondo wenye kasi kwenye ikweta ambao mtaalamu wa bahari Klaus Wyrtki aliueleza mwaka 1973. Matokeo yake ni kwamba tabaka la maji yenye joto linakuwa nene upande wa Indonesia na jembamba zaidi upande wetu. Ukijiuliza ni nini kilichoanza, joto la maji ya Indonesia lililouvuta upepo au upepo uliolirundika joto huko, utakuwa umeuliza swali lisilo na jibu, kwa sababu kila kimoja kinakilisha kingine. Mtaalamu wa hali ya hewa Jacob Bjerknes ndiye aliyeueleza uhusiano huu vizuri mwaka 1969, akizungumzia Pasifiki. Ilichukua miaka thelathini zaidi kwa watu kukubali kwamba Bahari ya Hindi ina wa kwake.

Kuna miaka ambayo mzunguko huo hukatika. Mara nyingi huanza Mei au Juni, pale upepo wa kusini-mashariki unaopita kandokando ya Sumatra unapovuma kwa nguvu kupita kawaida. Maji ya juu husukumwa mbali na pwani, maji baridi hupanda, na joto la bahari hapo hushuka. Kwa kuwa maji yamepoa, mawingu ya Indonesia hupungua. Kwa kuwa mawingu yamepungua, mgandamizo wa hewa huongezeka. Na kwa kuwa mgandamizo umeongezeka, hewa huanza kutiririka kutoka huko kwenda magharibi, jambo linalouongezea nguvu upepo uleule ulioanzisha kila kitu. Kwenye ikweta upepo wa kawaida wa magharibi hudhoofika au hugeuka kabisa ukawa wa mashariki. Maji yenye joto huanza kuja upande wetu, na mawimbi mapana ya chini kwa chini, yasiyoonekana kwa macho, husafiri taratibu kwa wiki na miezi yakiusukuma chini ule mpaka uliopo kati ya maji ya joto na maji baridi ya vilindini. Mpaka huo ukishazama upande wetu, hata upepo ukivuma maji baridi hayawezi kufika juu kwa urahisi, na bahari hubaki na joto. Ifikapo Oktoba mambo yamegeuka juu chini: hewa inapanda upande wa Afrika, inashuka Indonesia, na upepo wenye mvuke unaingia bara badala ya kutukimbia.

Hali hii huitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi, na inapokuwa upande unaotunufaisha au kutugharikisha sisi husemwa kuwa ni chanya. Hupimwa kwa kutoa wastani wa joto la maji ya eneo lililo karibu na Sumatra katika wastani wa joto la eneo la magharibi mwa Bahari ya Hindi, kisha kulinganisha na hali ya kawaida. Ilipewa maelezo yake mwaka 1999 na makundi mawili ya watafiti, moja lililofanya kazi Japani likiongozwa na N. H. Saji na jingine la Marekani likiongozwa na Peter Webster, baada ya maajabu ya 1997 kuwalazimisha wote waiangalie upya bahari ambayo ilikuwa ikidhaniwa kuwa inafuata tu mkumbo wa Pasifiki. Dipoli hufikia kilele kati ya Septemba na Novemba, kisha Desemba pepo za msimu hugeuka huko Sumatra, kupanda kwa maji baridi hukoma, na mchezo wote huisha haraka. Kalenda hiyo inaoana na vuli, haioani na masika, na hilo ni muhimu sana kwa mkulima kama wewe.

Sasa turudi kwa bibi yako. Mwishoni mwa 1961, wakati Tanganyika ikijiandaa kwa sherehe za Desemba 9, mvua kubwa ajabu zilinyesha karibu Afrika Mashariki yote. Ziwa Victoria lilianza kupanda na kufikia 1964 lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya mita mbili, kiwango ambacho hakikufikiwa tena mpaka Mei 2020. Aliyetafuta El Niño mwaka ule hakuiona, kwa sababu haikuwapo. Pasifiki ilikuwa imetulia. Kwa miongo kadhaa 1961 ilibaki kama mwiba katika kila hoja iliyotaka kuieleza mvua ya Afrika Mashariki kwa kutumia Pasifiki peke yake. Vipimo vya joto la bahari vilivyochukuliwa na meli za wakati ule vilipochambuliwa upya, vilionyesha dipoli chanya iliyo wazi kabisa: maji ya Sumatra yalikuwa baridi, ya kwetu yalikuwa ya joto.

Kuhusu El Niño yenyewe, jina lilianza kwa wavuvi wa Peru, ambao waliona kwamba miaka fulani karibu na Krismasi maji ya pwani yao hupata joto na samaki hutoweka, wakaliita jambo hilo kwa jina la Mtoto Yesu. Kwetu sisi, tangu 1997, neno hilo limekuwa karibu jina jingine la mvua kubwa, na nadhani matumizi hayo yamechangia sana mkanganyiko ulioupata wewe. Mtu akisema "El Niño imebomoa daraja", kwa kawaida anasema tu kwamba mvua ilikuwa kubwa. Katika lugha ya fani, El Niño ni kupanda kwa joto la maji ya katikati na mashariki mwa Pasifiki, maelfu ya kilomita kutoka hapa, kunakotokea pale upepo wa mashariki wa huko unapodhoofika na kuyaachia maji ya joto yaliyokuwa yamerundikwa upande wa Indonesia yarudi kuelekea Amerika ya Kusini.

Kiungo kati ya huko na hapa ni Indonesia. Visiwa hivyo vimekaa katikati ya bahari mbili, na hewa inayopanda juu yake ndiyo nguzo inayotumiwa kwa pamoja na mzunguko wa Pasifiki na ule wa Bahari ya Hindi. El Niño inapoyavuta mawingu ya Indonesia kuelekea mashariki, nguzo hiyo hudhoofika pande zote mbili. Upepo wa kusini-mashariki kandokando ya Sumatra hupata nafasi ya kukaza, maji baridi hupanda, na dipoli huweza kuanza. Nasema huweza, kwa sababu kusukuma mlango si sawa na kuufungua. Ikiwa tabaka la maji ya joto karibu na Sumatra ni nene mno, upepo unaweza kuvuma miezi mitatu bila kuyafikia maji baridi.

Mwaka 1997 mlango ulifunguka. El Niño ilikuwa miongoni mwa zilizo kubwa kupata kupimwa, dipoli ilikuwa kubwa pia, misitu ya Indonesia iliungua kwa ukame, na kwetu mafuriko yaliikumba Kenya, Somalia na Tanzania na kufuatwa na homa ya Bonde la Ufa, ambayo huenezwa na mbu wanaozaliana kwa wingi katika maji yaliyotuama. Mwaka 2015 joto la Pasifiki lilipanda kiasi cha kulingana na lile la 1997, na mtu aliyetabiri kwa kumbukumbu ya 1997 hakuwa mjinga. Lakini Bahari ya Hindi ilikuwa na joto karibu kote, upande wa mashariki haukupoa vya kutosha, na tofauti kati ya pande mbili ilikuwa ndogo ukilinganisha na ya 1997. Mvua haifuati joto la maji yetu peke yake. Hufuata zaidi mahali palipozidi wenzake, kwa sababu hewa hupanda palipo na joto zaidi na kushuka palipopungukiwa. Vuli ya mwaka ule katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa nzuri bila kuwa ya kutisha. El Niño ileile, hata hivyo, iliitesa Ethiopia na nchi za kusini mwa Afrika kwa ukame mkali, kwa hiyo haikuwa dhaifu. Ilikuwa tu haikupita kwetu kwa mlango uliotarajiwa.

Mwaka 2019 ulikuwa kinyume chake. Pasifiki ilikuwa karibu na hali ya wastani, na ndiyo maana redioni hukusikia jina ulilolizoea. Dipoli, kwa upande mwingine, ilikuwa miongoni mwa zilizo kali zaidi kupata kupimwa, na Oktoba tofauti ya joto ilivuka nyuzi 2 juu ya kawaida. Australia, iliyo upande wa bahari uliopoa, ilikauka na kuungua moto. Afrika Mashariki ilizama. Kama ungeambiwa Septemba ile kuhusu maji ya Sumatra badala ya kungoja kusikia kuhusu maji ya Peru, huenda usingepanda bondeni. Hapo sitamlaumu mkulima. Sisi wa fani hii tulikuwa tumezoea kueleza kila kitu kwa neno moja lililopendwa na magazeti, na mwaka ambao neno hilo halikuhusika tulikosa namna fupi ya kuwatahadharisha watu.

Miaka iliyofuata ilionyesha upande mwingine wa mzani. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 Pasifiki ilikuwa na La Niña, ambayo ni kinyume cha El Niño, miaka mitatu mfululizo, na mwaka 2022 dipoli ilikuwa hasi, yaani maji ya joto yalirundikana Indonesia kupita kawaida. Misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa kufuatana katika Pembe ya Afrika, hasa Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Kisha 2023 El Niño na dipoli chanya zilikuja pamoja, na Novemba wakazi wa Garissa, Tana River na Mandera nchini Kenya na wa Beledweyne nchini Somalia, waliokuwa wakizika mifugo iliyokufa kwa kiu, walikuwa wakihama mafuriko. Desemba 3 mwaka huohuo tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, mkoani Manyara.

Kuna jambo la muda mrefu ambalo hukuliuliza, lakini linagusa shamba lako. Bahari zimechukua zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililobaki duniani kutokana na gesi tunazozalisha, na Bahari ya Hindi imepanda joto kwa karibu nyuzi 1 tangu miaka ya 1950. Hewa inaweza kubeba mvuke takriban asilimia 7 zaidi kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kwa hiyo dipoli ya ukubwa uleule wa 1961, ikitokea leo, inakutana na hewa yenye maji mengi zaidi ya kumwaga. Mifano mingi ya kompyuta inaelekeza pia kwamba dipoli chanya zilizo kali zitaongezeka kadiri joto linavyopanda.

Utumie vipi haya yote? Kuanzia Agosti, unaposikiliza utabiri wa vuli kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au ule wa kanda unaotolewa na kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, kilichoko Kenya, usisikilize tu kama El Niño ipo. Sikiliza wanasema nini kuhusu joto la bahari upande wa magharibi na upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi, na uulize kama tofauti hiyo inakua au inapungua. Utabiri wa dipoli uliotolewa kabla ya Juni una udhaifu mkubwa, kwa kuwa mzunguko wenyewe haujaanza. Ule wa mwishoni mwa Agosti una uzito zaidi. El Niño na dipoli chanya zikitajwa pamoja, tahadhari iwe kubwa. Dipoli chanya peke yake ikitajwa kuwa kali, tahadhari iwe kubwa vilevile. El Niño peke yake, huku Bahari ya Hindi ikiwa haijatofautiana, ni sababu ya kutarajia vuli ya kutosha na si sababu ya kukimbia bonde.

Kumbuka pia jinsi utabiri huo unavyoandikwa. Wataalamu huigawa historia ya mvua katika mafungu matatu yaliyo sawa: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani, kila moja likiwa na nafasi ya theluthi kabla hatujajua lolote. Wakisema kuna uwezekano wa asilimia 55 wa mvua juu ya wastani, wamekuambia pia, bila kulitamka, kwamba kuna asilimia 45 ya kutopata hivyo. Redio hulisoma fungu kubwa peke yake. Ndani ya msimu, isitoshe, kuna wimbi kubwa la mawingu na ukavu linalozunguka ukanda wa joto kuelekea mashariki kwa muda wa siku 30 hadi 60, ambalo watafiti wa Marekani Madden na Julian walilieleza mwaka 1971. Likipita vibaya linaweza kukupa wiki mbili za jua kali katikati ya vuli nzuri kabisa, wakati mahindi yako yanachipua.

Usiutumie mwongozo huu kwa masika. Machi hadi Mei dipoli haipo, na uhusiano wa masika na El Niño ni mdogo. Masika huyumbishwa zaidi na wimbi hilo la siku 30 hadi 60 na vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambavyo kimoja kinaweza kutuvutia hewa yenye unyevu kutoka Kongo na kingine kikatunyang'anya. Machi 2018 vimbunga vilivyopita upande wa mashariki wa Madagaska viliandamana na mvua kubwa kwetu. Mwaka uliofuata vimbunga Idai na Kenneth viliivuta hewa yenye mvuke kuelekea kusini na masika ikachelewa. Kwa masika, tegemea zaidi taarifa za siku kumi kumi kuliko utabiri wa msimu.

Na kuhusu shamba la bondeni, kuna hesabu moja ambayo joto la bahari haliwezi kukufanyia. Maji yanayofika Korogwe hayatokani na mvua inayokunyeshea wewe peke yako. Mto Pangani huyaleta kutoka Kilimanjaro, Meru na Pare, na Lwengera huyashusha kutoka Usambara kwa saa chache tu. Pale milima ya Usambara, inayokingama mbele ya upepo wa baharini, inapokuwa imefunikwa mawingu siku tatu au nne mfululizo katika Oktoba ya mwaka wa dipoli chanya, ondoa mapema chochote kinachoweza kuondolewa bondeni, hata kama juu ya kichwa chako bado kuna jua.